Imbwa ya mupori au mbegu ya thamani? Tuwajue mbwa wetu wa basenji



Katika jarida hili tumezoea kuzungumza juu ya muhogo, mpunga, michikichi, mbuzi na kuku. Safari hii tunamleta mnyama ambaye karibu kila nyumba kijijini inaye, lakini hakuna anayemhesabu wakati wa kuhesabu mali: mbwa. Si mbwa yeyote. Tunasema juu ya yule mdogo mwenye masikio wima, mkia uliojikunja mgongoni kama pete, nywele fupi nyekundu na miguu myeupe. Yule asiyebweka.

Hapa Makiso, watu wanapotoka soko wakiongea, mara nyingi tunasikia maneno haya: “Ile iko imbwa ya mupori tu, haina hata sauti, itachunga nini?” Basi mtu anamwacha huyo, anatafuta mbwa mkubwa wa mjini, wa sauti nene. Yule mdogo anazaa na yeyote anayepita njiani, na watoto wake wanagawiwa bure au kwa kuku mmoja.

Lakini mbali na hapa, Ulaya na Marekani, mbwa huyohuyo ana jina, ana kitabu cha ukoo, na kuna watu waliopanda ndege kuja mpaka kwetu kumtafuta. Kwa nini walikuja? Mkulima anayejua kazi ya mbegu ataelewa upesi. Tueleze kwa utaratibu.

Mbwa huyu ni nani

Jina lake duniani ni basenji. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, ambalo lilianzishwa mwaka 1911 na lina makao yake Ubelgiji, limemwandika kuwa mbwa wa Afrika ya Kati. Limemweka katika kundi la 5, pamoja na mbwa wanaoitwa spitz na mbwa wa asili ya zamani. Spitz ni neno la Kijerumani lenye maana ya ncha: ni mbwa wa masikio ya ncha yaliyosimama, mdomo uliochongoka na mkia unaopinda kuelekea mgongoni. Ndugu zake wa kundi hilo wengi wanatoka nchi za baridi kali, kama husky wa Siberia anayevuta magari ya theluji na akita wa Japani. Hao wana manyoya mengi kama blanketi. Wetu ana nywele fupi laini, kwa sababu nyumba yake ni msitu wa joto na mvua.

Vipimo vyake vinajulikana. Dume anafika kimo cha sentimita 43 begani, jike sentimita 40. Uzito wa dume ni kilo 11 hivi, wa jike kilo 9 na nusu. Ni mwepesi, miguu yake ni mirefu kwa mwili wake, na anakimbia akiruka kama swala. Anaposimamisha masikio kusikiliza, paji la uso wake linakunjamana, mpaka unasema mzee huyu ana mawazo. Rangi zake ni nyekundu na nyeupe, nyeusi na nyeupe, au rangi tatu pamoja. Wako pia wenye milia ya giza juu ya wekundu. Wote, miguu, kifua na ncha ya mkia huwa na weupe.

Ana tabia nne ambazo kila mfugaji afadhali azijue.

Ya kwanza ni sauti. Basenji si bubu. Sanduku lake la sauti kooni limeumbwa tofauti kidogo na la mbwa wengine, ndiyo maana habweki mfululizo. Ananguruma, analia, anapiga mlio mmoja wa kushtuka, na akifurahi anatoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba bila maneno. Kwa hiyo mtu asimwite mgonjwa au mjinga kwa sababu ya kimya chake.

Ya pili ni usafi. Anajilamba na kujisafisha kama paka, na harufu yake ni ndogo.

Ya tatu ni uzazi. Mbwa wengi wanaingia joto mara mbili kwa mwaka. Jike wa basenji kwa kawaida anaingia mara moja tu. Mimba ni kama miezi miwili, siku 63 hivi. Mwaka huu akipandwa na dume mbaya, umepoteza mwaka mzima.

Ya nne ni akili yake. Anajifunza haraka, lakini anapenda kuamua mwenyewe. Ni mwindaji anayetumia macho na pua pamoja. Kitu kidogo kikikimbia mbele yake, atakifuata, awe simbiliki au kuku wa jirani.

Kazi yake tangu zamani

Katika msitu wa Ituri, Wambuti wanawinda kwa nyavu. Nyavu zinatandazwa, na watu na mbwa wanafukuza wanyama kuelekea humo. Sasa, mbwa asiyebweka utajuaje yuko wapi ndani ya majani? Anafungwa shingoni njuga ya mti. Inapogonga, mwenye mbwa anajua mnyama anaelekea upande gani.

Desturi hiyo ya njuga ni ya zamani. Mwaka 1870 Mjerumani mmoja, Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alipita katika nchi ya Azande akaenda mpaka kwa Wamangbetu, katika Uele ya leo. Katika kitabu chake aliandika juu ya mbwa wadogo wa Azande: nywele fupi, masikio wima, mkia uliojikunja kama wa nguruwe mdogo, na shingoni njuga ya mti ili wasipotee katika majani marefu. Ukisoma maelezo yake leo unaweza kudhani jana tu alipita kijijini kwenu.

Wako pia wanaomtafuta mbwa huyu katika picha za Misri ya kale, kwa sababu kwenye mawe ya makaburi ya huko walichongwa mbwa wa masikio wima na mikia ya kupinda. Picha peke yake haitoshi kuonyesha ukoo. Damu inasema zaidi. Mwaka 2004 wataalamu walilinganisha urithi wa mbwa wa aina 85, na basenji akaonekana kati ya aina chache ambazo mizizi yake iko karibu zaidi na mbwa-mwitu wa zamani, kuliko aina nyingi za Ulaya zilizotengenezwa katika miaka 200 iliyopita. Mwaka 2014 wengine walisoma urithi wote wa basenji mmoja pamoja na dingo wa Australia na mbwa-mwitu wa nchi mbalimbali, ili kujua mbwa wa kwanza walitokea namna gani. Katika elimu ya mbwa, huyu wa kwetu ni kama mzee wa ukoo anayeulizwa habari za zamani.

Jina lenye uchungu

Tuseme kidogo juu ya jina, kwa maana wazee wanalifahamu. Neno basenji ni ndugu wa neno la Kiswahili washenzi. Katika Lingala, mosenji ni mmoja, basenji ni wengi. Wakati wa Wabelgiji, neno hilo lilitumiwa kwa watu wa kijiji na wa pori, kuwatenga na wale walioitwa ma-évolué wa mjini. Mbwa wa watu wa kijiji akaitwa mbwa wa basenji, na wageni wakachukua tusi hilo wakalifanya jina rasmi la aina ya mbwa.

Leo katika maonyesho ya Ulaya na Amerika jina hilo linatajwa kwa heshima. Ni sisi huku tumebaki na maana ya zamani: kitu cha kijijini, kitu cha bure. Dharau hiyo ina gharama, kama tutakavyoona.

Safari ya nje, na magonjwa njiani

Mbwa wa kwanza wa Kongo walionyeshwa London mwaka 1895, katika maonyesho makubwa yanayoitwa Crufts. Watu waliwaangalia kama ajabu. Muda mfupi baadaye walikufa. Kilichowaua ni ugonjwa wa mbwa ambao kwa Kifaransa unaitwa ugonjwa wa Carré: homa, makamasi, kuhara, kisha kutetemeka na kufa. Miili yao haikuwa na kinga ya ugonjwa huo.

Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, alichukua sita kutoka kusini ya Sudani. Hao nao walikufa, baada ya kupewa chanjo ya ugonjwa huohuo. Chanjo ya miaka ile ilikuwa bado iko katika majaribio. Tunalisema wazi kwa sababu wakulima wengine wanaogopa sindano. Chanjo za leo zimepimwa miaka mingi, zinatumika dunia nzima, na mbwa anayepata matatizo kwa sababu yake ni nadra sana.

Baada ya hapo mama mwingine Mwingereza, Olivia Burn, alifaulu kuwafuga, na mwaka 1937 aliwaonyesha Crufts pamoja na watoto wao. Watu walijazana kuwaona mbwa wasiobweka. Mwaka 1941 mbwa mmoja alikutwa Boston, Marekani, ndani ya tumbo la meli iliyobeba kahawa kutoka Afrika ya Magharibi. Alikuwa amesafiri bila tiketi wala chakula, na alikuwa hai. Wakamwita Congo. Mwaka 1943 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani, AKC, kiliwaingiza basenji katika vitabu vyake.

Hapo mtu atasema hadithi imeisha vizuri. Shida ndiyo ilikuwa inaanza.

Mbegu chache, ugonjwa mwingi

Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache sana waliopona safari. Wakazaa wao kwa wao, mwaka baada ya mwaka. Kwa macho walikuwa wazuri, mikia imejikunja sawasawa. Ndani ya damu kulikuwa na jambo lingine. Kwanza ulionekana ugonjwa wa damu unaomfanya mbwa apungukiwe damu na kufa kijana. Baadaye ukaonekana ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Figo zinaachia sukari na chumvi za mwili zipotee katika mkojo. Mbwa anakunywa maji bila kushiba, anakojoa kila wakati, anakonda, na asipotibiwa anakufa.

Ubaya wa Fanconi ni kwamba kwa kawaida unaanza ukubwani, kati ya miaka 4 na 8. Wakati huo mbwa amekwisha kuzaa mara nyingi. Mwenye mbwa alikuwa anagawa ugonjwa bila kujua.

Wapandaji wa michikichi wataelewa vizuri. Mnajua kuna dura yenye kokwa la ganda nene, kuna pisifera isiyokuwa na ganda, na kuna tenera yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Ni hapa kwetu, Yangambi, watafiti wa INEAC walionyesha mwaka 1941 kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ndiyo sababu mkulima hapaswi kuokota kokwa chini ya tenera na kuzipanda. Tenera ikipandishwa na tenera, kwa hesabu nusu ya miche itakuwa tenera, robo itarudi dura, na robo itakuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Mti ulioonekana mzuri ulikuwa umebeba ndani yake kitu kisichoonekana.

Na Fanconi ni vile. Mbwa anaweza kubeba ugonjwa bila kuugua maisha yake yote. Ukipandisha wabebaji wawili, kwa hesabu mtoto mmoja kati ya wanne atapata ugonjwa, na wawili watakuwa wabebaji kama wazazi wao. Katika ukoo mpana, wabebaji wawili hawakutani mara nyingi. Katika ukoo mwembamba, ambamo kila mmoja ni ndugu wa mwenzake, wanakutana kila siku.

Basi wafugaji wa kigeni wakafikiri kama mkulima ambaye mbegu yake imechoka. Walirudi kwenye shamba la asili. Mwaka 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams alikwenda kusini ya Sudani akarudi na jike aliyeitwa Fula. Kisha mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja Zaire, wakafika Isiro na vijiji vya Azande huko Uele, katika Province Orientale yetu ya zamani. Wakachagua mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 AKC ilifungua tena kitabu chake cha ukoo na kuandika mbwa wapya 14. Wale wenye milia waliingia Marekani kwa njia hiyo. Mwaka 2011 kikapatikana kipimo cha urithi kinachoonyesha waziwazi mbwa gani anabeba Fanconi.

Tazameni hapo, ndugu. Watu wenye madaktari wa mbwa, vitabu na maabara walikwama, na dawa ya kwanza ilikuwa mbwa wa kijiji, yule tunayemwita wa mupori. Mbwa wenu ni ghala ya mbegu. Na ghala inaweza kuisha. Kila jike wa basenji anayezaa na mbwa mkubwa wa mjini anatoa watoto ambao si basenji tena, na kwa kuwa anazaa mara moja kwa mwaka, vizazi vichache tu vinatosha kuifuta mbegu katika kijiji kizima.

Faida yake shambani

Mtu atauliza: mimi mkulima, nitakula ukoo? Hapana. Lakini anayo faida ya kila siku.

Adui mkubwa wa mahindi, muhogo na miwa ni simbiliki, ambaye kwa Kiswahili cha vitabu anaitwa ndezi. Mnyama mmoja anaweza kupita kilo 6, na usiku mmoja anaweza kukata mashina mengi kuliko anayokula. Basenji aliumbwa kwa kazi hiyo. Anaingia katika majani marefu, anamnusa, anamtoa nje. Akiwa na njuga shingoni, mwenye shamba anafuata sauti. Kwa panya wa ghala pia anafaa. Mbwa mkubwa wa mjini anabweka kwenye mlango, lakini katika majani ya lando anachoka upesi, na anakula mara mbili au tatu zaidi.

Kwa ulinzi wa nyumba, tuseme ukweli: basenji hatamtisha mwizi kwa sauti. Lakini anasikia mapema. Jifunzeni kusoma masikio yake na ule mlio mmoja wa kushtuka.

Kuna mipaka. Mbwa hajui sheria, mwenye mbwa ndiye anapaswa kuijua. Okapi, sokomutu na wanyama wengine wengi wa misitu yetu wanalindwa, na uwindaji katika nchi yetu unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mbwa wa shamba abaki kwenye shamba. Tena asipewe mzoga uliookotwa porini: mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuleta ugonjwa mpaka nyumbani, kwa mbwa na kwa watoto wanaomshika.

Yale ambayo mwanachama anaweza kufanya nyumbani

*Kuchagua.* Chukua mtoto wa mbwa mwenye umri wa wiki 8 hivi, mwenye macho safi, asiyeogopa mtu. Muulize mwenyewe mama yake ni nani na baba yake ni nani. Akikujibu “baba ni mmoja wa wale wa njiani”, fikiri mara mbili.

*Kumzoeza kuku.* Anza angali mdogo. Mfunge kamba, mweke karibu na kuku na mbuzi kila siku, mkemee anapowarukia, mpe chakula anapotulia. Basenji aliyekomaa bila kuzoezwa kuku ni hasara, na kumgeuza ni vigumu.

*Chakula.* Fufu au wali na vichwa vya samaki, mifupa laini, na maji safi kila siku. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu, msimtupie. Mbwa aliyeshiba hawindi kuku wa jirani. Dawa ya minyoo apewe kwa ushauri wa veterineri.

*Joto la jike.* Jike akiingia joto, mfungie ndani wiki tatu. Mpeleke kwa dume uliyemchagua, ambaye si kaka yake, si baba yake wala si mwanawe. Andika tarehe, kisha hesabu miezi miwili.

*Mbwa mgeni.* Ukileta mbwa kutoka mjini, kutoka soko la Makiso au Lubunga ng'ambo ya mto, usimchanganye siku hiyohiyo na wale wa kijijini. Mtenge wiki mbili. Akitoa makamasi, akihara au akitetemeka, asikaribie wengine. Kumbukeni wale wa London mwaka 1895: mbwa wa msitu ana nguvu nyingi, lakini hana kinga ya ugonjwa asioujua.

Kichaa cha mbwa: hapa hakuna mchezo

Tunamalizia na jambo linalogusa maisha ya watoto wetu. Kichaa cha mbwa, ambacho mjini wengi wanaita raje, kinatoka kwa mbwa karibu kila mara kinapompata mtu: kati ya wagonjwa 100, 99 waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, kifo ni karibu hakika. Lakini kabla ya dalili, kinaweza kuzuiwa.

Mtu akiumwa na mbwa, au akikwaruzwa, fanyeni hivi:

1. Osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Msifunike kwa majani wala kupaka mafuta.
2. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, akaangaliwe kwa ajili ya chanjo. Chanjo hiyo ina sindano kadhaa, na zote zimalizwe.
3. Msimuue mbwa haraka kama anaweza kufungwa salama. Afungwe na kutazamwa siku 10. Akiugua au akifa, mwiteni veterineri, na kichwa chake kisiguswe kwa mikono mitupu.

Jihadharini na mbwa aliyebadilika: mpole aliyekuwa mkali ghafula, mkali aliyekuwa mpole kupita kawaida, anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba. Kwa basenji, sauti yake ya kawaida ni kimya. Kwa hiyo msingoje kusikia, angalieni mwendo na macho.

Kinga ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kijiji chenye mbwa 40 kinahitaji kuchanja 28 au zaidi, na kurudia kwa wakati uliopangwa na veterineri. Mashirika ya dunia ya afya, ya chakula na kilimo, na ya afya ya wanyama yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huo.

Kazi ya kooperative

Mkulima mmoja peke yake hawezi kulinda mbegu ya mbwa. Akimfungia jike wake na jirani hamfungii wake, kazi ni bure. Akichanja mmoja na wengine 30 hawajachanjwa, kijiji kiko palepale. Haya ni mambo ya kikundi, na kikundi ndicho mnacho.

Tunapendekeza mambo matatu kwa mkutano wenu ujao. La kwanza, fungueni daftari moja la mbwa: jina la mwenye mbwa, dume au jike, rangi, mwaka wa kuzaliwa, mama yake, baba yake, tarehe ya chanjo. Daftari la shule linatosha. La pili, mkubaliane na kooperative jirani kubadilishana madume kila baada ya miaka miwili, kama mnavyobadilishana mabeberu, ili ukoo usiwe mwembamba. La tatu, pelekeni hesabu ya mbwa wenu kwa ofisi ya mifugo na muombe siku moja ya chanjo kwa kijiji kizima. Veterineri anakuja kwa urahisi zaidi pale mbwa 40 wanapongoja mahali pamoja kuliko pale mtu mmoja anapomwita.

Na kama mgeni anafika kuuliza bei ya mtoto wa mbwa mwenye mkia wa pete, msikimbilie kupokea cha kwanza anachotoa. Fungueni daftari, mwonyesheni mama na baba, mwonyesheni tarehe za chanjo, kisha muongee bei. Mbegu yenye historia iliyoandikwa haiuzwi kama mbegu iliyookotwa.

Jike bora lakini abaki kijijini.